Je, Kumpa Mtoto Anachoomba Ndiko Kumpenda?

Ulizo tunalotaka kuchunguza leo laonekana dogo. Mtoto wa miaka 12 anacheza michezo kwa kompyuta ya nyumbani. Kompyuta hiyo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumiwa katika ofisi za Ulaya, kama zilivyo nyingi zinazouzwa hapa kwetu Lubumbashi. Mchezo unakwama-kwama: mpira waruka kutoka mahali hata mahali bila kupita katikati, na adui ametokea mbele yako kabla hujamwona akija. Mtoto anasema: « Baba, prosesa yetu imezeeka. Uninunulie i7. » Rafiki zake wamemwambia hivyo, na mwenye duka amesema vilevile. Baba ana dola 80 alizoweka pembeni, wala si feza za kuokota njiani. Afanye nini?

Wako watu wanaojibu upesi. Wamoja husema: « Michezo ni upuzi, feza zirudi mfukoni, mtoto asome. » Wengine husema: « Mtoto wako akikuomba, nawe una uwezo, mpe, mapendo hayana hesabu. » Majibu hayo mawili yapingana, lakini tukiyatazama vizuri tunaona yametoka tumbo moja. Yote mawili yanamwepusha baba na kazi ya kutazama. Baba wa kwanza hakuifungua mashini ajue kama mtoto asema kweli. Wa pili naye hakuifungua. Mmoja amefunga mkono, mwingine amekunjua mkono, na wote wawili wamefumba macho.

Sisi tunaona hivi: anayempenda mtu anadaiwa kwanza kujua kinachomsumbua. Mama akiona mtoto ana homa, hakimbilii dukani kununua dawa iliyo ghali kuliko zote. Atataka damu ipimwe, kwa maana dawa ya bei kubwa isiyo ya ugonjwa ule haimponyi mtu, hata kama aliyeinunua alikuwa akilia kwa huruma. Katika mambo ya homa sisi sote twalikubali jambo hilo. Katika mambo ya kompyuta twalisahau, labda kwa sababu mashini yatutisha kidogo, nasi twaona aibu kumwuliza fundi maneno tusiyoyaelewa.

Lakini tuondoe shaka moja kabla ya kuendelea. Je, mchezo wenyewe wastahili feza za mzazi? Wazee wetu walicheza kisolo, mchezo wa hesabu na werevu mwingi, wala hakuna aliyewaita wavivu kwa ajili hiyo walipokuwa wametoka shambani. Aristoteli aliweka katika hesabu ya fadhila wema wa yule ajuaye kucheza na kutania kwa kiasi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliifuata fikira hiyo katika Summa yake: roho nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni furaha. Tena alifundisha kwamba lipo kosa la mwenye kuzidisha mchezo, na lipo kosa la yule mwenye uso mkavu siku zote, asiyecheka wala kuwaacha wengine wacheke. Hayo yatosha. Mtoto acheze saa ngapi, na michezo ipi, ni ulizo jingine, nasi hatutaligusa leo.

Turudi kwa mashini, kwa maana hapo ndipo kweli ilipo. Prosesa ni kile kipande cha mraba kilicholala katikati ya ubao mama, chini ya feni. Ndicho kifanyacho hesabu zote: mpira uende wapi, adui ageuke lini, ukuta ukigongwa uanguke namna gani. Lakini kuchora picha ni kazi ya sehemu nyingine. Katika mashini zingine mchoraji ni kadi ya picha iliyochomekwa peke yake. Katika zile za ofisi, mara nyingi mchoraji amewekwa ndani ya prosesa yenyewe, naye ni dhaifu, kwa maana alitengenezwa kwa ajili ya barua na hesabu za karani. Ni kama karamu ya arusi: mmoja anapika, mwingine anapeleka sahani. Wageni wakilalamika kwamba chakula kinakawia, ni bure kubadili mpishi kama mpelekaji ndiye mwenye miguu mizito.

Tuseme mashini ya mtoto wetu ina prosesa ya Intel iitwayo Core i5-6500, ya mwaka 2015. Zimo nyingi sana za namna hiyo katika kompyuta zilizotoka maofisini. Ina viini 4, ndio kusema wafanyakazi 4, na kila mmoja anashika kazi moja kwa wakati mmoja. Ile i7 inayoweza kuingia mahali pake, Core i7-6700, ni ya mwaka huohuo 2015. Nayo ina viini 4. Kila kiini chaweza kushika kazi 2, na mwendo wake ni mkubwa kidogo. Zote mbili zimepimwa kwa wati 65. Na mchoraji je? Ni yuleyule: zote mbili zina HD Graphics 530, na tofauti ya mwendo wake kati ya moja na nyingine ni ndogo. Basi baba akilipa, atakuwa ameleta mpishi mwepesi zaidi, na mpelekaji amebaki na miguu yake mizito. Mchezo wa mpira utakwama jioni kama ulivyokwama asubuhi. Mtoto ataona jina « i7 » juu ya kioo, atafurahi siku mbili, kisha atakuja kusema kwamba sasa yahitajika i9.

Liko jaribio lisiloomba hata franka moja. Katika mapango ya mchezo, mpunguze ukubwa wa picha, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 mpaka 1280 kwa 720. Hapo kazi ya mchoraji imepungua zaidi ya nusu, na kazi ya hesabu imebaki karibu ileile. Mchezo ukianza kwenda vizuri, mmejua kwamba mchoraji ndiye aliyelemewa. Ukiendelea kukwama vilevile, hapo tu mnaweza kuanza kuishuku prosesa. Dakika kumi zatosha, na mtoto mwenyewe aweza kufanya jaribio hilo mbele ya baba yake. Michezo mingi ina mahali pa kuonyesha hesabu ya picha kwa sekunde. Aandike hesabu hiyo katika daftari, kabla na baada.

Hata hapo tusikimbie dukani. Mashini iliyotumika miaka mingi imejaa vumbi, na ile dawa ya kupitisha joto, iliyopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza, imekauka ikawa kama udongo. Sasa, prosesa ikipata joto la kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Mtoto asema imezeeka, kumbe inakosa pumzi. Tena mtazame RAM, ile kumbukumbu ya kazi. Mchoraji aliye ndani ya prosesa hana kumbukumbu yake mwenyewe. Anaazima ile ya mashini. Ikiwa RAM ni kipande kimoja tu, anapita njia moja. Mkiweka vipande viwili vilivyo sawa, anapata njia mbili, na michezo mingi yaonyesha tofauti kuliko ile ambayo i7 ingeleta. Ila mwangalie aina: mashini za wakati ule zingine zatumia DDR3L, zingine DDR4, na kipande cha aina moja hakiingii mahali pa nyingine.

Na kama mchoraji ndiye mgonjwa kabisa, baba anunue kadi ya picha. Hapa nako kuna mitego. Kompyuta ya ofisi iliyo nyembamba yapokea kadi fupi tu, na kisanduku chake cha umeme hakina nguvu nyingi. Kadi ndogo kama GeForce GT 1030 yafaa katika sanduku la namna hiyo. Lakini jina hilo moja limebandikwa juu ya vitu viwili: ile ya mwaka 2017 yenye kumbukumbu ya GDDR5, na ile iliyotokea mwaka 2018 yenye kumbukumbu ya DDR4, iliyo polepole sana kuliko ya kwanza. Juu ya boksi utasoma jina lilelile.

Mtego wa prosesa ni mbaya zaidi, kwa maana unadanganya macho. Mashini yetu ya i5-6500 ina tundu liitwalo LGA 1151. Mwishoni mwa mwaka 2017 Intel ilitoa Core i5-8400 yenye viini 6, nayo yasemwa kuwa ya LGA 1151. Mtu ahesabuye namba tu atasema: « Inaingia. » Naam, italala tundunI vizuri, lakini ubao ule wa mwaka 2015 hautaiwasha. Je, mwenye duka anayejua hayo na kunyamaza, ameiba? Wamoja hujitetea wakisema: « Mimi sikusema uongo, mnunuzi hakuuliza. » Mtakatifu Tomaso alichunguza jambo la namna hiyo katika mafundisho yake juu ya kuuza na kununua. Alijibu kwamba mwenye kuuza anafungwa kuonyesha kasoro iliyofichika, ikiwa inaweza kumtia mnunuzi hasara. Kasoro iliyo wazi ni jambo lingine, lakini kutopatana kwa prosesa na ubao kumefichika kwa baba wa nyumba kuliko ufa chini ya chungu. Kwa hiyo sisi twasema: mwenye duka asiyejua, aseme hajui. Anayejua, aseme kabla ya kupokea feza.

Je, maana yake ni kwamba mtoto hana haki kamwe? Hapana, na baba wengi wakaidi wangependa tukomee hapa. Tutazame nyumba nyingine. Mashini ya huko iliungwa na fundi: ubao wenye tundu liitwalo AM4, prosesa ya AMD Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017, yenye viini 4 visivyoshika kazi mbili-mbili, na kadi ya picha ya kadiri iliyochomekwa peke yake. Mtoto amefanya jaribio: amepunguza picha, mchezo umekwama vilevile. Ametoa vumbi. RAM ni vipande viwili. Hapo mtoto amesema kweli, prosesa ndiyo inayochelewesha, na baba akikataa kwa sababu tu « mimi ndimi baba », anamfundisha kwamba kutafuta kweli hakuna faida nyumbani mwao.

Katika nyumba hiyo njia ya bei nafuu iko wazi. Mwaka 2022 AMD ilitoa Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600. Kila moja ina viini 6 vyenye kushika kazi 12, kila moja ni ya wati 65, na zote mbili zaingia katika tundu lilelile la AM4. Mwaka huohuo wa 2022 hata mbao za kwanza za AM4 ziliruhusiwa kuzipokea, mradi mwenye kutengeneza ubao ametoa BIOS mpya, yaani ile programu ndogo ya ndani inayoamsha mashini. Kwa hiyo fundi atazame kwanza jina la ubao na orodha ya prosesa zinazokubaliwa, atie BIOS mpya wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake, ndipo aitoe. Akianza kwa kuitoa, ubao hautaitambua ile mpya, na wote watasimama wakitazama kioo cheusi. Tena umeme usikatike wakati BIOS inapoandikwa. Mnajua umeme wetu ulivyo, basi wachague saa, au waazime betri ya kushikilia umeme.

Kati ya hizo mbili, 5600 ina kumbukumbu ya karibu ya megabaiti 32, na 5500 ina 16. Katika michezo tofauti hiyo yaonekana mara kwa mara. Zilipotoka, bei ya 5600 ilikuwa dola 199 na ya 5500 dola 159. Tangu hapo zimeshuka, na zilizokwisha kutumiwa zashuka zaidi. Mwezi uleule ilitoka nyingine, Ryzen 7 5800X3D, yenye viini 8 na megabaiti 96, kwa dola 449. Hiyo ndiyo vijana wanayoisifu, na wanasema kweli kwamba ina nguvu. Hapa tunafika kwenye kiini cha ulizo letu: nguvu ngapi zatosha?

Aristoteli, katika kitabu chake cha Siasa, alisema kwamba hakuna chombo cha ufundi wowote kisicho na mpaka, si kwa wingi wala kwa ukubwa. Nyundo ina uzito wake kwa sababu kuna msumari. Mtu asiyejua msumari wake, kila nyundo ataiona ndogo. Basi « inatosha » si neno la maskini anayejifariji. Ni kipimo, nacho chapatikana mahali fulani mtu aweza kupaonyesha kwa kidole. Katika nyumba yetu kipimo hicho ni kioo cha mtoto. Kioo chake chaonyesha picha 60 kwa sekunde. Prosesa ikiweza kuandaa picha 150, kioo kitaonyesha 60 vilevile. Kadi yake ya kadiri haiwezi kuchora zaidi ya nguvu zake, hata ukiiwekea prosesa ya mfalme. Kwa kioo kile na kadi ile, 5600 inatosha, na mara nyingi 5500 inatosha. Dola zinazozidi hapo hazionekani popote ila katika maneno ya kujivunia mbele ya rafiki. Sisi hatudharau aibu ya mtoto mbele ya wenzake, kwa maana inauma kweli. Lakini haiponywi na prosesa, kwa sababu mwaka ujao rafiki ataleta jina jipya.

Kuna jambo lingine linalobadili hesabu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 kwa kanuni zake haikubali i5-6500, wala i7-6700, wala Ryzen 3 1200. Inakubali Ryzen 5 5500 na 5600, ikiwa na ubao nao umetimiza kanuni. Kwa hiyo feza zilizowekwa katika i7-6700 zanunua nguvu kidogo ndani ya nyumba ambayo mlango wake haulindwi tena na aliyeujenga. Feza zilizowekwa katika 5600 zanunua nguvu pamoja na miaka. Baba wa kwanza, mwenye mashini ya ofisi, afadhali atumie sehemu ndogo ya dola zake kwa RAM na usafi, ayaweke yaliyobaki, mpaka siku atakapoweza kubadili ubao na prosesa pamoja.

Na yaliyobaki ni ya nani? Hapo tunashuka kutoka kwa mashini tukaingia mezani. Dada wa mtoto huyo anajiandaa kwa mtihani wa Serikali, na feza za mtihani zinaombwa kwa tarehe yake. Tumesikia baba akisema: « Hizi 80 niliziweka kwa ajili ya mdogo, haziguswi. » Lakini kuweka feza kwa jina la mtoto mmoja hakufuti haki ya mwingine anayekula sahani moja naye. Afadhali mdogo aelezwe wazi kwamba prosesa itangoja miezi minne, na kwa sababu gani, na tarehe iandikwe katika lile daftari la hesabu za picha. Mtoto wa miaka 12 aliyejifunza kupima mchoraji na mpishi aweza kuelewa pia kwamba nyumba ina njia moja ya feza. Tena, baba aliyeweka tarehe amejifunga. Miezi minne ikiisha, asitafute sababu mpya.

Wako watakaouliza kama haikuwa rahisi zaidi kumwachia fundi yote. Fundi mwema ni msaada mkubwa, nasi tunamheshimu. Lakini fundi anajua mashini. Hajui mtihani wa dada, hajui kioo mlicho nacho, hajui kwamba mtoto anaomba i7 kwa sababu ya neno alilotupiwa shuleni. Hayo wayajua wazazi peke yao. Wamwulize fundi yaliyo yake: ubao huu wakubali nini, umeme watosha, je, atairudisha feza kama haiwaki? Hukumu isikabidhiwe kwake.

Siku prosesa mpya itakapowekwa, ile ya zamani isitupwe. Sisi watu wa nchi ya shaba tukumbuke kwamba ndani ya kipande hicho kuna nyuzi za shaba nyembamba kuliko unywele, na kwamba kiko mtoto mwingine mtaani ambaye viini 4 vyamtosha. Prosesa za AM4 zina miguu midogo upande wa chini, inayopindika ukiigusa vibaya. Iwekwe ndani ya boksi la ile mpya, miguu isiguse kitu. Mtoto mwenyewe aiuze au aitoe, baba akiwa karibu. Mnunuzi akiuliza kwa nini wanaiuza, amwambie kwamba ilikuwa inakwama katika mchezo fulani, na amwonyeshe daftari.